Daka ni lako, njia ni ya wote

"Nyumba njema si mlango," walisema wahenga wetu, "fungua uingie ndani." Methali hii ni ya kweli, lakini kwetu Amu mlango nao una maneno yake. Mtu aweza kukaa mtaani miaka mingi asiingie ndani ya nyumba ya jirani yake ila mara mbili tatu, lakini mlangoni pake hupita kila siku, akienda na kurudi msikitini.

Kwa hivyo mbele ya nyumba ndipo mwenyewe anapojulikana, na pengine ndipo anapogombana na watu. Mimi yalinifika hayo, na leo nataka kumsimulia msomaji, kwani najua si mimi peke yangu. Kila mwenye nyumba ya kale, awe Amu au katika Mji wa Kale wa Mombasa, siku moja atataka kutengeneza pa kuingilia kwake. Siku hiyo ndiyo atakayotambua kwamba hawezi kufanya apendavyo.

VIPANDIO VITATU

Nyumba yetu iko upande wa Mkomani, katika kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani. Ina daka kama nyumba nyingine za mawe: ukumbi mdogo mbele ya mlango, umeinuka juu ya njia, na baraza mbili, moja kulia na moja kushoto. Kutoka njiani hadi dakani palikuwa na vipandio 3, na kila kimoja kimekwenda juu inchi 8.

Mamangu alivipanda vipandio hivyo kwa zaidi ya miaka 50, tangu alipoletwa bibi arusi. Kisha magoti yakamkataa. Kwanza aliacha kwenda sokoni, tukasema ni uzee. Halafu akaacha kwenda maulidini. Mwisho mwandani wake tangu utotoni, aliyekaa mtaa wa pili tu, alifiliwa na mumewe, na mama akashindwa kutoka kwenda kumpa mkono wa tanzia. Akabaki chumbani analia.

Siku ile nilikata shauri. Nitavunja vipandio vyote na kujenga mteremko wa simiti, uanzie mlangoni, utoke njiani, ushuke ukiambaa ukuta. Nilinunua mifuko ya simiti kabla sijamuuliza mtu. Nilijiambia kwamba nyumba ni yangu, ukuta ni wangu, na mama ni wangu. Ni nani wa kunizuia?

Wa kunizuia alikuwako. Mji wa kale wa Amu uliwekwa chini ya hifadhi ya sheria mwaka wa 1986, na mwaka wa 2001 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mambo ya hifadhi sasa yanaongozwa na sheria ya makavazi na urithi wa taifa ya mwaka wa 2006. Kwa maneno mepesi, mwenye nyumba iliyo ndani ya eneo la hifadhi hana ruhusa ya kuvunja, kuongeza wala kugeuza sura ya nje ya nyumba yake pasi na idhini.

Nilipopeleka maombi yangu afisini, mteremko ulikataliwa. Sikungoja nielezwe sababu. Nilitoka nimevimba kwa hasira, nikisema kwamba katika mji huu mawe yana heshima kuliko mamangu.

"NA JENEZA JE?"

Nilipofika nyumbani nilimkuta mzee mmoja jirani yetu, ambaye mtaa mzima twamwita ami, ameketi kwenye baraza yetu akipumzika kama ada yake. Nilimwamkia, kisha nikammwagia yote yaliyokuwa moyoni. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Huo mteremko wako ungetoka njiani kiasi gani?" akaniuliza.

"Hatua moja tu, ami."

"Na jeneza je?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, ndia hini si yako wala si yangu. Kila maiti wa kichochoro hiki alipita hapa mabegani mwa watu, na babako akiwa mmoja wao. Ukila hatua moja, wachukuzi watapita ubavu-ubavu. Mamako mwenyewe, siku yake ikifika, utampitisha wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Yale ambayo afisi iliyakataa kwa barua, yeye aliyakataa kwa swali moja, na swali lake lilikuwa la kale kuliko sheria yoyote ya serikali.

HAKI YA NJIA

Dini yetu haikuiacha njia bila ya mwenyewe. Katika hadithi mashuhuri, Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipomweleza kwamba hawana budi na vikao vyao, aliwaambia basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Pia tumefundishwa kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni sadaka, na kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana.

Iko pia hadithi ya watu wanaobishana juu ya upana wa njia, kwamba waiache dhiraa 7. Vichochoro vyetu vingi havifiki hapo, kwani wazee walijenga karibu karibu ili wapate kivuli. Ndiyo maana kila shibiri iliyobaki ina thamani. Penye njia pana, mtu akiiba shibiri huenda asijulikane. Kwetu sisi, shibiri moja ndiyo punda kupita au kutopita.

Mafundi wa zamani waliyajua hayo, nayo yako katika majengo yao. Aliyetaka nafasi zaidi hakuitafuta chini, aliitafuta juu, akajenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, na watu wakaendelea kupita chini yake. Mlango haukuelekezwa sawasawa na mlango wa jirani. Na aliyeingia ndani alikuta kona kwanza, ili jicho la mpita njia lisifike kwa watu wa nyumba.

Daka nalo lina kazi yake katika mpango huo. Hapo ndipo mwanamume humpokea mgeni bila ya kuwasumbua wanawake waliomo ndani, na hapo ndipo mzee aliyechoka na jua huketi bila ya kubisha hodi. Ni mahali pa mwenye nyumba, lakini mgeni ana fungu lake. Anayelivunja daka au kulizibia geti la chuma humpunguzia jirani pamoja na kujipunguzia mwenyewe.

CHOKAA NA SIMITI

Ami hakuniacha hivi hivi. Alinipeleka kwa fundi mmoja aliyejifunza kazi ya chokaa kwa babake. Fundi alikuja, akatazama vipandio, akatazama na ukuta. Miaka michache kabla ya hapo nilikuwa nimeipiga simiti sehemu ya chini ya ukuta wa daka, nikidhani naiimarisha. Akaigonga kwa kidole, ikalia kama kopo tupu. Akaibandua kipande kwa ncha ya kisu. Nyuma yake mlikuwa na unga mweupe na mawe yaliyoanza kumung'unyuka.

Alinieleza sababu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, nayo hunywa maji kutoka ardhini, na maji hayo yana chumvi. Ukuta uliopigwa chokaa hupumua: unyevu hutoka nje ukakauka. Ukuta uliopigwa simiti hufungwa pumzi: unyevu hukosa pa kutokea, ukapanda juu zaidi, na chumvi ikikauka ndani hulisukuma lipu na kulila jiwe. Basi simiti, ambayo ni ngumu kuliko jiwe, huja ikaliua jiwe lenyewe.

Kisha akaugeukia mteremko wangu, akaupigia hesabu. Mteremko ambao mtu dhaifu ataupanda bila ya kuchoka wataka futi 1 ya kwenda mbele kwa kila inchi 1 ya kwenda juu. Daka letu limeinuka inchi 24. Kwa hiyo ningehitaji futi 24, na hizo zingenifikisha mbele ya mlango wa jirani. Mteremko mfupi niliokuwa nikiutaka ungekuwa mkali, na wakati wa mvua mama angeteleza na kuanguka. Kumbe ile niliyoidhani huruma ingemvunja nyonga.

"Mamako hataki mteremko," akasema fundi. "Ataka vipandio vifupi na mahali pa kushika."

Shauri lake lilikuwa jepesi. Badala ya vipandio 3 vya inchi 8, tufanye 4 vya inchi 6. Jumla ni ile ile, inchi 24. Cha kwanza kikae pale pale kilipokuwa cha zamani, kisitoke njiani hata kidole kimoja. Nafasi ya kile kilichozidi tutaikata ndani ya sakafu ya daka, baina ya baraza mbili. Baraza zenyewe zisiguswe. Na kando tutie mshikizo wa mbao ngumu, uliochongwa vizuri, ambao siku ukihitajika waweza kutolewa.

Tulichora, tukapiga picha ya daka lilivyokuwa, tukarudi afisini. Safari hii nilingoja nikasikiliza. Tukapewa idhini, na majirani nao tukawaarifu mmoja mmoja kabla ya nyundo ya kwanza.

Kazi ya chokaa yataka subira. Fundi alichanganya fungu 1 la chokaa na mafungu 3 ya mchanga, na mchanga wa ufuoni aliukataa kwa sababu ya chumvi. Lipu la simiti alilibandua lote, akauacha ukuta ukauke ndipo akaupiga chokaa. Vipandio alivifunika magunia mabichi siku kadhaa, akivinyunyizia maji asubuhi na jioni, ili jua lisivipasue. Sakafu ya daka aliilaza kidogo upande wa njia, maji ya mvua yapate kwenda mtaroni. Mtaro wenyewe haukuzibwa.

YA KUZINGATIA

Kutokana na yaliyonipata, naona mwenye nyumba ya kale akitaka kutengeneza mbele ya nyumba yake afuate haya.

Kwanza, aulize kabla ya kununua hata mfuko mmoja. Pili, awaambie majirani, kwani idhini ya afisi haiondoi haki yao. Tatu, mstari wa zamani wa kipandio cha kwanza ndio mpaka wake, asiuvuke. Nne, asiinue njia mbele ya mlango wake. Anayeinua kwake huyasukuma maji ya mvua yakaingia kwa mwenziwe. Tano, asizibe mtaro kwa zege. Akitaka kuufunika, atie mawe yanayoondoleka, upate kuzibuliwa. Sita, kwenye ukuta wa matumbawe atumie chokaa.

Lakini haki isemwe kwa pande zote mbili. Kazi ya simiti huisha upesi, na simiti hupatikana dukani saa yoyote. Chokaa yataka siku nyingi, na siku ni ujira wa fundi. Mafundi wenyewe ni wachache na wanazeeka. Mjane aliyerithi nyumba ya mawe na hana kitu mkononi hawezi kuambiwa "usifanye hivi" halafu akaachwa na vipandio vilivyovunjika. Wanaotuwekea sheria wana wajibu wa kuileta chokaa karibu, na kuwatafutia mafundi vijana wa kuwafundisha. Sheria inayokataza bila ya kusaidia huwafanya watu wajenge usiku.

Kwetu sisi mambo yaliisha kwa heri. Ile mifuko ya simiti nilimuuzia mtu anayejenga nje ya mji wa kale. Siku magunia yalipoondolewa, mama alitoka na buibui lake, akaushika mshikizo, akashuka kimoja kimoja mpaka njiani. Safari yake ya kwanza ilikuwa mtaa wa pili, kumpa mwandani wake ule mkono wa tanzia uliochelewa.

Alipokuwa akirudi, ami alikuwa kwenye baraza yetu. Alisimama kumpisha, wakasalimiana, naye akaketi tena mahali pake.