Mkoa wa mpunga uliochimba bwawa kuvuta watalii

WENGI wakisikia utalii wa Ufilipino hufikiria fukwe za Boracay. Lakini katikati ya miaka ya 2000 mkoa wa Camarines Sur, unaotegemea zaidi mpunga, nazi na mahindi, ulichimba bwawa kwenye eneo la makao makuu ya mkoa mjini Pili, ukasimika nguzo sita na kufunga waya. Mradi huo, CamSur Watersports Complex, ulianzishwa na serikali ya mkoa wakati wa Gavana Luis Raymond Villafuerte.

Mota ya umeme huzungusha waya wa chuma juu ya nguzo. Kamba huning'inia kutoka kwenye waya, na mchezaji aliyefungwa miguu kwenye ubao huvutwa juu ya maji kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa. Akianguka, anaogelea hadi ukingoni na kurudi kwenye foleni. Mtambo wa aina hii ulibuniwa na mhandisi Mjerumani, Bruno Rixen, zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Mchumi hapo anaona jambo. Boti huvuta mtu mmoja huku ikinywa petroli. Waya huvuta watu kadhaa kwa mota moja, hivyo gharama hugawanywa na tiketi huuzwa kwa saa, nusu siku au siku nzima. Ni hesabu ya mashine ya kukoboa mpunga: ikikaa bure inakula mtaji, ikipata foleni inajilipa.

Kutoka Manila ni mwendo wa saa moja hivi kwa ndege hadi uwanja wa Naga, ambao uko huko huko Pili, au usiku mzima kwa basi, karibu kilomita 400. Anayejifunza asikimbilie bwawa kubwa. Aanzie sehemu ndogo ya wanaoanza, akiwa na kofia ngumu na jaketi la kuokolea.

Kwa mkulima, hata hivyo, pesa haiko majini. Bwawa lenyewe haliajiri wengi. Pesa iko kwa mgeni aliyechoka anayetaka kulala, kula na kubeba zawadi. Chakula cha Bicol ni tui la nazi na pilipili, pamoja na majani ya magimbi, vitu vinavyolimwa pale pale. Zawadi ni njugu za mti wa pili, jina lile lile la mji. Dereva wa pikipiki ya kigari naye hupata nauli. Lakini jiko likinunua kuku na mboga kutoka mjini Manila, mkulima wa jirani atabaki kutazama wageni wakipita, na bwawa lilichimbwa kwa fedha za umma, zake zikiwamo.

Tena kuna vimbunga. Novemba 1, 2020 kimbunga Goni kiliipiga Bicol na kuangusha minazi na migomba. Siku kama hiyo hakuna mgeni, na hakuna mavuno ya kumuuzia akirudi.