Nembo ya haki na ujira wa debe

Agosti 2023, shirika la biashara ya haki la Fairtrade International, lenye makao yake Bonn, Ujerumani, lilipandisha bei ya chini ya kahawa ya arabika iliyooshwa kutoka dola 1.40 hadi dola 1.80 kwa ratili. Bei ya awali ilikuwa haijaguswa tangu 2011. Juu yake mnunuzi huongeza senti 20, na wanaushirika wenyewe huamua mkutanoni zitumike vipi. Soko la dunia likipanda, ushirika hulipwa bei ya soko. Likiporomoka, bei ya chini huukinga.

Nyongeza hiyo ya mnunuzi imeacha alama. Bukoba, Tanzania, chama kikuu cha ushirika cha KCU kilitumia sehemu yake kununua hisa za kiwanda cha kahawa cha TANICA.

Lakini nani yumo ndani ya haki hii? Mwaka 2014, watafiti wa SOAS, Chuo Kikuu cha London, wakiongozwa na Christopher Cramer, walitoa matokeo ya utafiti wa miaka minne nchini Ethiopia na Uganda. Walikuta vibarua katika maeneo yenye vyama vya Fairtrade wakilipwa ujira mdogo kuliko wenzao wa maeneo mengine. Fairtrade ilipinga, ikisema wakulima wadogo wamelinganishwa na mashamba makubwa. Hoja hiyo ina uzito, ila haimwondoi kibarua kwenye hesabu: huchuma kahawa ya mwanachama, na mkutanoni hana kura.

Kuna pengo jingine. Chama chenye ithibati hulipia ukaguzi, ilhali mara nyingi hupata mnunuzi wa Fairtrade kwa sehemu tu ya mavuno. Kahawa inayobaki huuzwa kama nyingine yoyote, bila nyongeza.

Mwaka 2017, kampuni ya maduka makubwa ya Sainsbury's ya Uingereza iliiondoa nembo ya Fairtrade kwenye baadhi ya chai zake na kuweka mpango wake yenyewe. Wakulima wa chai wa Afrika walipinga, kwa kuwa uamuzi juu ya fedha za nyongeza ungehamia mikononi mwa mnunuzi. Hapo ndipo nembo ya Fairtrade inapoishinda mipango ya kampuni, na hapo inastahili kutetewa.

Ili iaminike zaidi, kila pakiti ingeweza kumwelekeza mnywaji kwenye takwimu mbili za chama husika: kilo ngapi za mavuno ziliuzwa kwa masharti ya Fairtrade, na mchumaji alilipwa kiasi gani kwa debe.