Kuwa na Kingamwili na Kuwa na Kinga: Tatizo la Istilahi katika Maelezo ya Mafua ya Ndege

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizoenea katika Kiswahili, kingamwili ni mojawapo ya zile zinazobeba maana zaidi ya moja. Baadhi ya waandishi huitumia kwa maana ya uwezo wa jumla wa mwili kuzuia maradhi. Wengine huitumia kwa maana ya protini maalumu ambayo mwili huitengeneza dhidi ya kijidudu fulani. Kwa maana hii ya pili limewahi kutumika pia neno fingomwili, litokanalo na fingo, yaani dawa ifukiwayo mahali ili kupalinda. Istilahi zote mbili hudokeza kwamba penye protini hiyo pana ulinzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kutumia mfano wa virusi vya mafua kwa kuku na binadamu, kwamba dokezo hilo si la kweli wakati wote, na kwamba athari zake hazikomei kwenye kamusi.

2.0 Kingamwili na Asili Yake

Juu ya kirusi cha mafua cha aina A mna protini mbili kuu. Hemaglutinini hukiwezesha kirusi kujishikiza kwenye seli, na nyuraminidasi huviwezesha virusi vipya kujinasua. Majina kama H5N1 hutokana na aina za protini hizo. Kingamwili inayoshika kichwa cha hemaglutinini huweza kukizuia kirusi kisiingie katika seli. Hata hivyo, mwili hutengeneza pia kingamwili dhidi ya nyukleoprotini, iliyomo ndani ya kirusi na inayokaribia kufanana katika virusi vyote vya aina A. Hiyo haizuii kirusi kuingia. Huwa ni ushahidi tu kwamba mwili umewahi kukutana nacho. Zote mbili ni kingamwili, lakini kazi zao ni mbalimbali.

Kuku amechangia hata katika istilahi za elimu hii. Mwaka 1956, nchini Marekani, Bruce Glick na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vifaranga walioondolewa kifuko cha Fabricius, kilicho karibu na njia ya haja, hushindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo. Herufi B katika jina seli B ilitokana na jina la kifuko hicho. Binadamu hana kifuko hicho, na seli zake za aina hiyo hukomaa katika uboho; hata hivyo zinaitwa kwa herufi ya kiungo cha kuku.

Tena, kuku jike hupitisha kingamwili zake kwenye kiini cha yai, kama vile mama anavyozipitisha kwa mtoto kwenye kondo la nyuma. Kwa hiyo, kifaranga huweza kukutwa na kingamwili dhidi ya kirusi ambacho hakijapata kumwingia.

3.0 Vipimo na Tafsiri Yake

Mwaka 1941 George Hirst, akiwa New York, alieleza kwamba virusi vya mafua huzigandamanisha seli nyekundu za damu ya kuku. Seramu yenye kingamwili mahususi huzuia hali hiyo. Seramu huzimuliwa hatua kwa hatua, na kiwango cha mwisho kinachozuia mgandamano ndicho kinachoandikwa. Njia hiyo hiyo hutumika kupima kingamwili za kideri. Kwa mafua ya kawaida ya binadamu, kiwango cha 1:40 huchukuliwa kuwa ndicho ambacho takriban nusu ya watu hukingwa. Ni kipimo cha umma, wala si dhamana ya mtu mmoja.

Mwaka 1997, H5N1 iliwapata watu 18 huko Hong Kong, na 6 kati yao wakafa. Kuku zaidi ya milioni 1 waliuawa. Ilibainika kwamba kipimo cha Hirst hakikuwa makini vya kutosha kuonyesha kingamwili za binadamu dhidi ya virusi vya ndege. Ikabidi seramu ichanganywe na virusi hai ili kuona kama bado vinaweza kuambukiza seli. Kwa njia hiyo, takriban 10 kwa kila 100 ya wafanyakazi wa biashara ya kuku waliopimwa walikutwa na kingamwili dhidi ya H5.

Kwa kuku tatizo ni la namna nyingine. Kuku aliyechanjwa huweza kuwa na kingamwili na bado akaambukizwa na kutoa virusi bila dalili. Kuanzia mwaka 2000, Italia ilikabili H7N1 kwa chanjo ya H7N3. Kuku aliyekutwa na kingamwili dhidi ya N1 alijulikana kuwa ameambukizwa, si kuchanjwa tu.

4.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, inafaa kingamwili ibaki kuwa jina la protini, na kinga iwe jina la hali ya kulindwa. Sarufi yenyewe inaruhusu mgawanyo huo: kingamwili huhesabika, hivyo husemwa kingamwili hii na kingamwili hizi, kinga kwa maana ya hali haihesabiki. Lugha pia imekwisha kuonyesha njia. Jina UKIMWI hutaja upungufu wa kinga mwilini, ilhali vipimo vingi vya VVU hutafuta kingamwili. Mtu huyo huyo, basi, huweza kuwa na kingamwili na kupungukiwa na kinga. Mfasiri anayeandika kwamba kuku wa banda fulani "wana kinga", pale ripoti iliposema wana kingamwili, humwondolea mfugaji tahadhari wakati ambapo virusi huenda vingali bandani.