Kamishibai: mchezo wa karatasi katika inchi ya Japani

Vijana wa leo wajua sana masanamu ya Japani. Wayatazama katika televizio na katika telefone, na vitabu vya masanamu viitwavyo manga vimeenea dunia nzima. Lakini wachache wajua kwamba kazi hiyo tajiri ina babu maskini, aliyezunguka na kinga katika njia za Tokyo. Jina lake ni kamishibai, maana yake mchezo wa karatasi. Tupende kueleza habari zake, kwani zamfaa kila mtu anayefundisha watoto.

Namna ya kazi

Mtu wa kamishibai alifunga nyuma ya kinga yake sanduku la mbao lenye dirisha. Alipofika mtaani aligonganisha vijiti viwili. Watoto waliposikia mlio ule waliacha michezo yao, wakakimbia. Kwanza aliwauzia vitu vya sukari: ndiyo mapato yake yote. Wenye feza walisimama mbele. Asiye na kitu alikaa nyuma, pengine alifukuzwa.

Kisha akaanza. Dirishani alionyesha sanamu moja, akasimulia, akigeuza sauti: mara mzee, mara binti, mara shetani. Akavuta sanamu ile, na ya pili ikaonekana. Kwa kawaida alitoa hadithi tatu: ya kuchekesha kwa wadogo, ya huzuni kwa wasichana, ya hatari kwa wavulana. Lakini hadithi haikuisha. Ilipofika mahali patamu kupita pengine, alifunga sanduku. Kesho yake watoto walirudi, na feza nyingine mkononi.

Asili yake

Kazi hii ilienea tangu mwaka 1930 hivi, wakati wa shida kubwa ya feza duniani, watu wengi walipokosa kazi. Tena, sinema za zamani hazikuwa na sauti. Katika Japani mtu aitwaye benshi alisimama kando ya picha na kueleza yote. Sinema zenye sauti zilipofika, mabenshi walifukuzwa, na wamoja wao wakashika kinga ya kamishibai. Mwaka 1933 katika Tokyo peke yake walikuwa zaidi ya elfu mbili.

Masanamu hayakuwa mali yao. Waliyakodi kwa tajiri aliyewalipa wachoraji. Kila sanamu ilichorwa kwa mkono, ikapita toka mtu hata mtu, toka mji hata mji. Shujaa aliyependwa sana alikuwa Ogon Bat, yaani Popo wa Zahabu, mwenye kichwa cha fuvu na joho jekundu. Alitangulia Superman wa Marekani, aliyetokea mwaka 1938.

Chombo kimoja, mabwana wawili

Imai Yone alikuwa mwanamke Mkristu wa Kiprotestanti. Aliona watoto wakiacha mafundisho ya Dominika na kukimbilia vijiti vile. Je, awagombeze? Hapana. Alitengeneza masanamu yake mwenyewe, akasimulia Injili kwa njia ileile.

Lakini wengine pia waliona nguvu ya chombo hicho. Wakati wa vita, hata mwaka 1945, serikali ilikitumia kusifu vita na kuwazoeza watu, wakubwa kwa watoto, kujitoa bila kuuliza. Kamishibai haikuomba umeme wala mashini. Kwa hiyo ilifika hata vijijini na katika viwanda. Sanduku ni lilelile, vijiti ni vilevile; neno ndilo lililobadilika.

Mwisho wake

Baada ya vita kazi hii ilistawi tena, kwani wengi hawakuwa na kazi nyingine. Mizuki Shigeru, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani, alichora kamishibai kwanza. Kisha akahamia manga, akapata sifa kubwa kwa hadithi za mtoto Kitaro, ambaye asili yake ni katika kamishibai. Mwaka 1953 televizio ilianza Japani, na watu waliiita kamishibai ya umeme. Watoto wakabaki nyumbani, na vijiti vikanyamaza. Leo kamishibai yaonekana zaidi katika shule na nyumba za vitabu, na wachache tu waiendesha njiani.

Basi, tusilie juu ya zamani kama kwamba yote yalikuwa mema. Yule mtoto asiye na feza, aliyesimama nyuma, hatumsahau. Lakini mtu wa kamishibai aliona nyuso za wasikilizaji wake: aliyeogopa, aliyelia, aliyechoka. Kwa sababu hiyo alijua kupunguza sauti ama kuongeza neno. Televizio haimwoni anayeitazama. Sisi tunaosimulia mbele ya watoto, tujiulize mambo mawili: twawapa neno gani? Na nani amesimama nyuma?