Redio Koli za Mtumba: Dhambi Si Marekebisho, Dhambi Ni Kuyaficha

Mfululizo wa Mawasiliano ya Redio: Sehemu ya Tano

Tarehe 17 Septemba 2024 peja zililipuka mikononi na mifukoni mwa watu nchini Lebanon. Siku ya pili yake zikalipuka redio za mkononi. Mabaki yaliyoonekana pichani yalikuwa na jina la Icom, aina ya IC-V82. Kampuni ya Icom, yenye makao yake Osaka, Japani, ilieleza kwamba redio hiyo iliitengeneza na kuiuza nje kuanzia 2004 hadi Oktoba 2014, na kwamba hata betri zake iliacha kuzitengeneza. Ikaongeza kuwa redio zile hazikuwa na stika ya hologramu ya kutofautisha halisi na bandia, hivyo haikuweza kuthibitisha kama zilitoka kiwandani kwake.

Wachambuzi walizungumza siasa na vita, na hiyo ni kazi yao. Mimi nilishikwa na jambo jingine. Bidhaa iliyokoma kutengenezwa kwa miaka kumi ilikuwa bado inapita mkono hadi mkono kwa jina lake la zamani, na mwenye jina mwenyewe hakuweza kusema ni yake au si yake. Tangu hapo wasomaji wa safu hii, wakiwamo wakuu wa ulinzi, waongoza watalii na manahodha, wameniuliza swali moja: mtu anayenunua redio koli ya mtumba atajuaje kwamba kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani?

Tofauti ya VHF na UHF tuliimaliza katika sehemu ya pili, na habari za leseni katika sehemu ya nne. Sitazirudia. Ila swali hili haliwezi kujibiwa vizuri bila kurudi nyuma, kwa sababu waliotutangulia walikuwa na jibu lake, nasi tumelitupa.

Mwaka 1937 Donald Hings, mvumbuzi wa Kanada, aliunda redio ya kubebeka kwa ajili ya kampuni ya madini iliyokuwa na wafanyakazi porini. Karibu na wakati huohuo kijana Alfred Gross alikuwa akitengeneza redio yake ya mkononi. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, kampuni ya Galvin ya Chicago, ambayo mwaka 1947 ilijiita rasmi Motorola, iliwapa wanajeshi wa Marekani redio ya SCR-536. Ilikuwa na uzito wa kilo mbili na ushei, na haikuwa na swichi ya kuiwashia: askari alivuta antena, redio ikawaka, akairudisha ndani, ikazima. Hadi vita vinakwisha zilikuwa zimetengenezwa takriban 130,000.

Kisha ikaja SCR-300, ile ya kubebwa mgongoni, kazi ya timu iliyoongozwa na Daniel Noble, ambamo mhandisi kutoka Poland, Henryk Magnuski, alikuwa na mchango mkubwa. Ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 17 kutegemea betri, na sauti yake ilifika kilomita tano hivi. Ilitumia mfumo wa FM, na askari aliweza kuchagua kati ya chaneli 41. Zilitengenezwa karibu 50,000, na zilipigana Italia, Normandy na katika theluji ya Ardennes.

Tazama sasa adabu ya watu wale. Masafa ya SCR-536 yalifungwa kwa kristali ambazo fundi alizipachika kabla redio haijakwenda mstari wa mbele. Askari hakuweza kuifungua kwenye handaki ili aone imewekewa masafa gani, kwa hiyo maandishi ya nje yalilazimika kusema kweli. Jeshi la Marekani lilikuwa na utaratibu wa amri za marekebisho: kila badiliko la kifaa lilikuwa na namba yake, na likishafanyika, namba hiyo iligongwa muhuri kwenye kifaa chenyewe. Waingereza walibandika kibati chenye safu ya namba, na kila rekebisho lilipokamilika, namba yake ilifutwa kwa alama. Mtu aliyeipokea redio hiyo baada ya miezi mingi, katika nchi nyingine, aliisoma historia yake bila kushika bisibisi. Waliofanya hivyo walikuwa vitani, wakiwa na haraka kuliko muuza duka yeyote wa leo.

Utaratibu huo ulivunjika amani iliporudi. Mabaki ya vita yaliuzwa kwa bei ya kutupa katika mtaa wa Lisle jijini London na katika Radio Row ya New York, kabla mtaa huo haujabomolewa mwaka 1966 kupisha ujenzi wa World Trade Center. Wapenzi wa redio walinunua kwa pupa. Waliichukua, kwa mfano, Wireless Set No. 19 ya Waingereza, ambayo nyingi kati ya zilizotengenezwa Kanada zina maandishi ya Kiingereza na Kirusi, kwa kuwa zilikusudiwa pia Jeshi la Kisovieti. Wakatoboa matundu, wakaongeza mita, wakabadili mfumo wa umeme, wasiandike chochote. Sikatai kwamba walijifunza mengi na kuwafundisha wengine. Lakini mrithi wa redio hiyo leo hana njia ya kujua nini ni cha kiwanda na nini ni cha mkono wa mtu. Wakusanyaji huilipia zaidi ile ambayo haikuguswa, na tamaa hiyo imezaa uongo mpya: makasha ya kuigiza ya SCR-536 yenye umbo kamili la redio ya vita.

Tatizo letu la leo ni hilohilo, ila limeongezeka kasi. Tarehe 1 Januari 2013 Marekani iliwalazimisha watumiaji wa redio za biashara na usalama wa umma, katika sehemu kubwa ya VHF na UHF, kuhama kutoka chaneli za upana wa kilohezi 25 hadi 12.5. Redio zisizoweza kupunguza upana huo hazikuwa na kazi tena kwa wenyewe, ingawa zilikuwa nzima. Redio ya namna hiyo inaweza kuuzwa popote duniani kama "ya kampuni, haina tatizo". Ni nzima kweli, lakini ukiiweka kwenye chaneli nyembamba, sauti yako inamwagikia jirani.

Zilizochakachuliwa ziko za aina tatu. Ya kwanza imevishwa ganda jipya: ndani ni bodi iliyochoka, pengine ya UHF, nje ni kava linalong'aa lenye stika ya VHF. Ya pili ni ile iliyofunguliwa masafa. Redio nyingi za wapenzi wa redio huzuiwa kiwandani zisirushe nje ya masafa yao, na mara nyingi kizuizi ni dayodi moja ndogo. Fundi akiing'oa, redio inaweza kurusha hata kwenye chaneli 16 ya baharini, megahezi 156.8, ambako mtu anayezama anaomba msaada. Ya tatu imeongezewa wati kwa stika tu. Baofeng UV-5R ya kawaida hutoa wati nne hadi tano. Mwingine huiuza kama ya nane.

Basi, kabla hujatoa pesa, iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, fanya haya. Toa betri usome lebo iliyo chini yake, kisha muombe muuzaji aiunganishe redio na kompyuta kwa programu ya kiwanda. Namba ya aina na namba ya mfululizo zinazosomeka kwenye programu zilingane na za lebo. Katika Motorola GP340, herufi inayofuata 25 kwenye namba ya aina ni K kwa VHF na R kwa UHF. Tazama vichwa vya skrubu kama vimelika, na mpira wa kuzuia maji kama umekaa sawasawa, maana redio iliyofunguliwa ovyo haistahimili tena maji hata kama lebo inadai. Pima wati kwa mita, redio ikiwa imefungwa kwenye mzigo wa omu 50. Angalia kama ndani yake kuna chaneli za mtu mwingine. Kama zimo, uliza zilikujaje, na usinunue bila hati ya mwenye mali. Betri isiyo na jina la kueleweka iache dukani.

Sheria haikuacha pengo hapa. Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni kwa anayetumia masafa, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Fikihi ya biashara iliyofundishwa katika madrasa za pwani yetu kwa karne nyingi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa. Kinachokosekana ni amana ya mwenye kuuza.

Kwa hiyo nawasihi mafundi wetu, ambao ustadi wao naujua na ninauheshimu. Mkibadili moduli ya nguvu, mkivisha kava jipya, mkifungua au mkifunga masafa, andikeni kwenye kadi ndogo: kilichofanyika, tarehe na jina la fundi, na kadi hiyo iandamane na redio popote itakapouzwa. Nanyi wanunuzi, mlipeni zaidi fundi anayeandika kuliko anayenyamaza. Mamlaka za mawasiliano zikiifanya kadi hiyo kuwa sharti kwa kila redio ya mtumba inayoingia sokoni, soko litasafishika bila kufukuza mtu.

Sehemu ya sita itahusu betri: umri wake, tarehe zake na namna ya kutambua iliyofunguliwa.