Ndege ya zamani ndani ya ordinatere: uzito kwanza, rangi baadaye



Kuna wenzetu wananiuliza ndani ya kikundi chetu: licencié wa agronomia anafanya nini usiku na ndege za ordinatere? Mmoja aliandika kama ule ni mchezo wa watoto. Swali liko sawa, na ninataka kulijibu kwa utaratibu. Nitaeleza namna mutu anaweza kuchukua ndege ya zamani ya abiria, ile ya panga, DC-3, na kuiboresha ndani ya simulateri ya nyumbani. Mwisho mtaona kama jambo lenyewe linagusa hata ule asiyependa mashine.

Kwanza, kwa nini DC-3? Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 kule Marekani. Iko na moteri mbili, mabawa ya karibu mita 29, na gurudumu dogo kwenye mkia. Kisha vita ya pili ya dunia, nyingi ziliuzwa zikafanya kazi ya kubeba watu na mizigo kila pahali. Sabena iliziendesha hapa Congo wakati mji wetu ulikuwa ungali unaitwa Albertville. Air Congo, ambayo ilizaliwa 1961, nayo iliziendesha. Kwa hiyo hii si ndege ya kigeni kwetu. Wazee wengi wa hapa wanaikumbuka kwa sauti yake.

Simulateri ninayotumia ni FlightGear. Ni ya bure, ilitengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na leseni yake inakuruhusu kufungua mafaili, kuyabadilisha na kuwagawia wengine. Kwa sisi wa Kalemie, iko na faida ingine: ukiisha kupakua, haihitaji intaneti. Ardhi yote ya dunia imekatwa vipande vipande. Kipande chetu kinaitwa e020s10, na ndani yake kuna kadogo kanaitwa e029s06, maana Kalemie iko kati ya digrii 29 na 30 mashariki, na kati ya 5 na 6 kusini. Mutu mmoja anapakua usiku wakati intaneti iko nzuri, wengine wote wananakili kwa kifunguo cha USB. DC-3 nayo iko kati ya ndege za bure za FlightGear.

Sasa tuingie kazini. Wengi wakisikia neno kuboresha, wanakimbilia rangi: picha nzuri za mwili wa ndege, viti vinavyong'aa, jina la kampuni kwenye mkia. Mimi ninafuata njia ile tulijifunza ya kujaribu mbegu. Hauwezi kusema mbegu fulani ni bora kama haujui udongo, na kama hauna kipande cha kulinganisha. Kwa hiyo, kanuni ya kwanza: nakili folda nzima ya ndege, uipe jina lingine, na ile ya asili usiiguse. Ile ndiyo kipande chako cha kulinganisha. Kanuni ya pili: badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, ruka, andika kwenye daftari. Ukibadilisha vitu vitano pamoja, hautajua ni kipi kilileta mavuno.

Ndani ya folda kuna faili ambalo jina lake linaishia na -set.xml. Lifungue na programu yoyote ya kuandika maandishi. Humo kuna mstari flight-model unaokuambia ndege inaendeshwa na hesabu gani: JSBSim ao YASim. Kwa ndege ya JSBSim, utakuta faili lingine lenye sehemu inaitwa mass_balance. Pale njo penye moyo wa kazi yote. Kuna emptywt, ni uzito wa ndege tupu, na kuna pointmass, ni mizigo na watu, kila mmoja na pahali pake.

Tufanye hesabu pamoja. DC-3 ya kawaida inaruhusiwa kuruka na pauni 25,200, ni kusema kilo 11,430. Tupu ina pauni 16,865, karibu kilo 7,650. Tuseme tunataka kwenda Lubumbashi, ambako ni karibu kilometa 660 kwa mstari ulionyooka. Kwa mwendo wa kilometa 270 kwa saa, ni saa mbili na nusu. Moteri mbili zinakunywa karibu litre 360 za esansi ya ndege kila saa, na litre moja ina uzito wa kilo 0.72. Kwa safari yenyewe na akiba ya saa moja na nusu, hiyo ni karibu kilo 1,040. Ongeza watu watatu wa kazi na mafuta ya kulainisha moteri: kilo 340. Tumefika 9,030. Inabaki kilo 2,400 kwa abiria na mizigo.

Weka abiria 21, kila mmoja kilo 77 na mzigo wa kilo 20. Jumla ni 2,037. Inabaki 363. Vizuri kabisa. Lakini sasa kila mmoja aingie na kilo 20 zingine ambazo hazikupimwa, kamfuko ka ndagala kwa shemeji, bidoni ya mawese. Kwa watu 21, ni kilo 420. Tumepita mpaka kwa kilo 57, na hakuna hata mmoja aliyeona kama amefanya kitu kibaya. Kila mmoja anasema: changu ni kidogo tu.

Kuna tena swali la pahali pa mzigo. Kila pointmass iko na umbali wake kutoka sehemu fulani ya ndege. Mizigo yote ikiwekwa nyuma, kilo ni zile zile, lakini ndege haiko ile ile. Wavuvi wetu wanajua jambo hili bila simulateri: mtumbwi uliojaa nyuma unainua pua na hausikii kasia. Ndani ya FlightGear unaweza kufungua orodha ya thamani na kuangalia inertia/weight-lbs kwa uzito wa jumla na inertia/cg-x-in kwa pahali pa kati ya uzito. Sogeza mzigo nyuma, angalia namba, kisha jaribu kuruka. Utaelewa kwa mikono.

Hatua ya pili ni moteri. DC-3 nyingi ziko na Pratt & Whitney R-1830, silinda 14 kwa mistari miwili, nguvu ya farasi 1,200 kila moja. Ndani ya moteri kuna kipepeo kinachosukuma hewa kwa nguvu, na saa moja mbele ya rubani inaonyesha shinikizo la ile hewa kwa inchi. Hapa kuna jaribio dogo ninalolipenda sana. Weka ndege yako kwenye uwanja wa Kalemie, moteri zimezimwa. Ile saa inapaswa kuonyesha karibu inchi 27, hapana 30. Kwa nini? Uwanja wetu uko karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari, na moteri ikiwa imezimwa, saa inapima paka hewa ya nje. Kama inaonyesha 30, hesabu ya ndege yako iko Matadi, haiko Kalemie.

Kisha washa, sukuma mpaka nguvu ya kuondokea. Moteri hii inapaswa kufika inchi 48 na mizunguko 2,700 kwa dakika. Ukiona inakwama kwenye 27, maana yake kipepeo hakikuandikwa kwenye faili la moteri. Tafuta numboostspeeds. Kama iko 0, moteri inapumua kwa pua yake yenyewe. Weka 1, na ujaze mistari inayofuata juu ya shinikizo na mwinuko. Ni badiliko dogo la maandishi, lakini ndege inakuwa ingine.

Hatua ya tatu ni joto. Simulateri nyingi zinakuanzisha na hewa ya vitabu: digrii 15 kwenye bahari, inayopungua kadiri unavyopanda. Kwa mita 780 ile hewa ya vitabu ingekuwa digrii 10. Nani kati yetu amekwisha kuona digrii 10 mchana hapa? Andika mwenyewe hali ya hewa, weka 30. Tofauti ni digrii 20, na kila digrii inafanya ndege ione kama imepandishwa karibu mita 36. Mara 20, ni zaidi ya mita 700. Ni kusema, mchana wa joto, ndege iliyosimama karibu na ziwa inaruka kama iko mita 1,500. Hewa ni nyepesi kwa karibu 14 kwa mia kuliko ile ya bahari. Ili mabawa yabebe uzito ule ule, lazima magurudumu yakimbie karibu 8 kwa mia zaidi. Hata kama panga zingevuta sawasawa, pisti inayohitajika inaongezeka kwa karibu 16 kwa mia. Na panga hazivuti sawasawa, sababu nazo zinakata hewa ile ile nyepesi.

Sasa rudisha zile kilo zilizofichwa. Fanya safari mbili na saa ya mkono: moja asubuhi, digrii 20, uzito wa haki, ingine saa nane mchana, digrii 30, na ile mifuko isiyopimwa, kisha zidisha mizigo zaidi. Andika umetumia pisti kiasi gani. Nilimwonyesha kijana mmoja wa jirani yetu, yuko mwaka wa tano wa sekondari. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu alikuwa ameshika kalamu, anahesabu kabla ya kusukuma moteri. Fizikia ile walimuandikia ubaoni ilipata pahali pa kukaa.

Rangi njo inakuja sasa. Ndani ya Models/Liveries unaweza kuongeza picha ya Sabena ao ya Air Congo. Kwa mashine dhaifu, picha ya 1024 kwa 1024 inatosha: inachukua karibu megabaiti 4 za kumbukumbu ya kadi ya picha. Ile ya 4096 kwa 4096 inachukua zaidi ya 60, na ndege itaruka kwa kushtukashtuka.

Wengine watauliza: kwa nini usiweke moteri za kisasa? Hilo limefanyika katika ndege za kweli. Kampuni ya Basler kule Oshkosh, Marekani, inachukua DC-3 za zamani, inarefusha mwili kwa karibu mita moja na kuweka moteri za tabini zinazokunywa kerozeni ya ndege. Inaitwa BT-67. Sababu moja kubwa ni kwamba esansi ya ndege imekuwa ngumu kupata katika nchi nyingi, lakini kerozeni iko. Ukitaka kuitengeneza ndani ya simulateri, sawa, lakini ihesabu kama ndege mpya: uzito mpya, urefu mpya, moteri mpya. Usibadilishe jina tu.

Niseme wazi: simulateri haikufanyi rubani. Haina woga, haina uchovu, na hakuna mutu anayekufa. Lakini inafundisha kitu kimoja ambacho mji wetu unakihitaji. Barabara zetu mnazijua, ziwa mnalijua wakati wa upepo. Kwa wengi, ndege inabaki njia ya mgonjwa, ya mwanafunzi, ya biashara. Na pale uwanjani, mutu akiombwa kuweka mfuko kwenye mizani, ao yeye mwenyewe apande juu yake, tunaanza kulalamika: wanatusumbua, wanatafuta feza. Licencié na yeye analalamika, mara ingine kwa sauti kuliko wengine. Kisha kufanya hesabu hii, mimi ninauliza swali la kinyume: kama hakuna aliyenipima, ni nani amejaza ile sehemu ya pointmass kwenye karatasi ya rubani, na aliijaza na namba gani?

Mwenye mashine ya zamani nyumbani, hata ile ya pili mkono, aniandikie. Niko na kipande e020s10, ndege, na daftari langu la majaribio. Lete kifunguo chenye nafasi ya kutosha. Ba-licencié wa fizikia na wa hesabu, ninawaomba mpitie namba zangu hapa juu na mnisahihishe pasipo haya. Na kama kuna mzazi wenu aliyefanya kazi kwenye uwanja wakati wa DC-3, muulizeni walikuwa wanapima mizigo namna gani, kisha mtuandikie hapa.