Somo wa Skrini: Mafunzo ya Unyumba Mombasa

Katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, kama Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, elimu ya unyumba, yaani maarifa ya mwili, ya tendo la ndoa na ya kuishi na mume, ilikuwa na mwenyewe: somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama mzazi, aliyechaguliwa na jamaa za msichana amfunze alipovunja ungo, na tena siku za harusi zilipokaribia. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha kwamba mafunzo hayo yalifungamana na ngoma za makungwi, yaani wakufunzi wa unyago, zilizoletwa na wanawake watumwa kutoka bara, ambazo baadaye wanawake waungwana, wasio watumwa, nao walizipokea.

Kazi hiyo sasa inafanywa pia na wanawake wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaorekodi video za YouTube na TikTok, wakieleza namna ya kujisinga kwa singo ya manukato, kufukiza udi, kusema na mume aliyekasirika na kuamsha hamu iliyopoa. Kilichopungua si maarifa bali dhamana, kwa kuwa somo alimjua mwari wake, yaani msichana aliyemfunza, alimpimia maneno kwa umri, na ndoa ilipoingia mtafaruku aliitwa kusuluhisha, ilhali mrekodi video hawajui watazamaji wake, na akaunti huruhusiwa kwa mtoto wa miaka 13.

Mitandao hii huongozwa na algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazochagua video ya kumwonyesha mtu kwa kupima alichokitazama kwa muda mrefu, na kwa hiyo neno la kushtua husambazwa kuliko maelezo ya utulivu. Wakati huohuo majina ya wazi ya viungo vya uzazi yaweza kusababisha video iondolewe, jambo linalowafanya walimu hawa wakimbilie mafumbo. Fumbo la ngomani lilifumbuliwa palepale na kungwi mbele ya mwari, lakini fumbo la skrini humwacha msichana alifumbue peke yake.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya afya, hasa pale mwalimu anapokuwa pia muuzaji. Shabu, ile chumvi ya madini inayokaza ngozi, pamoja na mitishamba na sabuni za manukato, husifiwa kwamba hubana na kukausha uke, ilhali uke wenye afya huhitaji unyevu wake na hujisafisha wenyewe kwa msaada wa laktobasili, bakteria wanaotengeneza asidi inayozuia vijidudu vya maradhi. Bakteria hao wanapouawa, asidi hupungua na maambukizi hupata nafasi. Na utando laini unapochubuka, virusi vya UKIMWI hupenya kwa urahisi zaidi. Muuzaji asiyemweleza mteja wake haya anamdhuru, hata akiwa na nia njema.

Hata hivyo, kuzifunga video hizi zote kungekuwa dhuluma nyingine. Mafunzo ya zamani yalimwelekeza bibi harusi zaidi katika kumridhisha mume kuliko katika kuujua mwili wake mwenyewe. Madrasa nazo hufundisha hukumu za hedhi, nifasi (damu ya uzazi) na josho, lakini maumivu ya tendo la ndoa, ugumba wa mwanamume na haki ya mke kukataa kuumizwa ni mambo yanayozungumzwa kwa nadra. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliona kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kushika mimba, na kwa baadhi ya rika hilo simu ndipo mahali pekee pa kuuliza bila kuona haya. Wavulana, ambao tohara yao siku hizi humalizika hospitalini bila mafunzo ya jandoni, wanayasikia kwenye skrini hizohizo mambo ambayo zamani yaliishia nyuma ya mlango wa wanawake, na daktari au muuguzi anayejirekodi kwa Kiswahili chepesi huwafikia wao na dada zao kwa pamoja.